Uji wa Kioo

Maabara, 12 Januari

Kaka, shikamoo.

Habari za huko, na za mtoto wetu Chiriku? Najua tangu arudi kutoka chuo na kuvaa koti jeupe hapo kliniki kwako hupati nafasi ya kuongea. Mvumilie. Hata mimi nilikuwa hivyo, tena bila shahada.

Nimekaa kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu ulinifundisha mwenyewe, nilipokuwa bwenini, kwamba simu ni ya kujuliana hali na barua ni ya kuelezana mambo. Leo nina jambo. Uji umeiva.

Wenzangu hapa wanauita kwa namba, na mkuu wangu anauita "bidhaa", lakini sisi wawili tumeuita uji tangu uliponiandikia kwamba dawa za kuzibia meno za wakati ule zilikuwa "kama uji wa mgonjwa, unanata kwenye kijiko, haunati unapotakiwa." Unajua shida yetu ya miaka yote. Ni utomvu uliochanganywa na unga wa kioo. Ukiupiga taa ya buluu unakuwa jiwe, lakini ukiwa unakauka unajikunyata, na ukijikunyata unaachana na ukuta wa jino. Unabaki ufa ambao jicho halioni, ila wadudu wanaupita wakiimba. Ndiyo maana mnaweka tabaka jembamba, taa, tabaka jingine, taa tena, huku mgonjwa taya linamfia. Huu mpya haujikunyati hivyo. Unajaza shimo lote kwa mara moja, unapiga taa, umemaliza. Tumeutafunisha mashine, tumeuchemsha, tumeugandisha. Umegoma kufa.

Sasa unaenda kwenye kliniki chache za kweli, na nimeomba ya kwako iwemo. Sanduku liko njiani, na gundi yake ndani. Mkuu wangu aliuliza kwa nini nachagua kliniki ya vyumba viwili juu ya duka la cherehani. Nikamwambia huko ndiko kwenye vidole ninavyoviamini.

Sikumweleza zaidi. Ningemwelezaje kwamba kaka yangu alipokuwa mwanafunzi alikuwa akichonga magego kwa sabuni za kufulia pale barazani, na mama alikuwa akienda kufua anakuta kipande cha sabuni kina mizizi mitatu? Ningemwelezaje siku nilipofungua soda kwa meno, jino la mbele likakatika, ukanishika mkono hadi chuoni kwenu na kumwomba mwalimu wako akuruhusu? Dawa ile ilikuwa ya makopo mawili, unakoroga kwenye karatasi, na ilikukaukia kabla hujamaliza. Jasho lilikuwa linakudondoka. Jino likatoka limeinama upande, nami nikatembea mtaa mzima nikicheka na kila mtu ili walione. Ulisema, "Ukikua tengeneza dawa inayosubiri watu." Huenda ulitania. Mimi nilisikia agizo.

Niandikie kama kawaida yako. Unavutika vipi, unashika chombo au hapana, ukiubonyeza unarudi au unakaa. Mashine zetu zinapima kila kitu isipokuwa hilo.

Mdogo wako,
Pengo


Kliniki, 9 Februari

Pengo, marahaba.

Usamehe mwandiko. Kalamu za siku hizi zinateleza kama kambare.

Barua yako nimemsomea Chiriku, na habari ya sabuni imempa mtaji wa kunicheka mwaka mzima. Mwambie basi mkuu wako na upande wa pili: mama alininunia siku nzima, halafu jioni nikamkuta anamwonyesha jirani lile gego. "Huyu wangu atakuwa daktari," anasema, "tazama hata shimo amelitia." Lile shimo halikuwa ufundi. Kisu kiliponyoka. Ndivyo nilivyopata jina la Daktari wa Sabuni, na mpaka leo wazee wa mtaa wa zamani wakinikuta wananiita hivyo mbele ya wagonjwa.

Umenikumbusha mbali. Nilipoanza kazi tulikuwa tunaziba kwa fedha na zebaki. Unasaga, unaweka kwenye kitambaa, unakamua mpaka zebaki ya ziada itoke kama shanga, halafu unashindilia jinoni. Inalia. Wewe hujawahi kuisikia, lakini ina mlio kama mtu anayekanyaga changarawe akiwa mbali. Jino ilibidi nilichimbe zaidi ya lilivyooza, ili ile dawa ipate pa kujishikia. Leo gundi inashika yenyewe, na jino zima linabaki salama. Vijana hawajui neema hiyo. Chiriku anaona ni kawaida, kama mtoto aliyezaliwa bomba likiwa uani.

Kliniki ni ile ile. Kiti kimeshonwa upya na fundi wa chini, kwa kitambaa cha zambarau kilichobaki kwenye sare za kwaya, kwa hiyo wagonjwa wanakaa kama maaskofu. Cherehani zake zinanguruma siku nzima chini ya miguu yetu. Kuna bibi mmoja huwa anaomba dirisha lifunguliwe azisikie vizuri, anasema zinamsahaulisha mlio wa keekee yangu ya kutobolea meno. Rangi ya ukuta imefifia pale wanapoegemeza vichwa, safu ya vivuli vya vichwa. Nimekataa isipakwe.

Sanduku limefika salama. Uji wako ni mzuri. Wagonjwa wameridhika. Hongera.

Kaka yako,
Daktari wa Sabuni


Maabara, 1 Machi

Kaka,

Nimeisoma barua yako nikacheka peke yangu mpaka kijana wa meza ya jirani akaja kuuliza kama nimevuta hewa mbaya. Halafu nikarudi kwenye mistari mitatu ya mwisho nikatafuta barua ilikoishia.

"Uji wako ni mzuri." Ndiyo hivyo tu? Mwaka ule nilipokutumia mchanganyiko wa kwanza uliniandikia kurasa nne za matusi. Ulisema unanata kama mgeni asiyeaga. Ulisema ukiuchonga unakuja wote na chombo, na nilikaa miaka miwili nikiupunguzia mnato kwa sababu ya sentensi hiyo. Wa pili ukasema umekuwa mkavu, unameguka kama ukoko. Nilichukia, lakini ulisema kweli. Sasa huu ambao nimeumaliza mimi mwenyewe, huu ambao nitausimamia mbele ya mkutano wa madaktari wa meno mwezi wa tisa, umeuandikia kama mtu anayetoa pole kwenye msiba wa mtu asiyemfahamu.

Kama ni mbaya, sema. Nimezoea. Unajua sikasiriki zaidi ya wiki.

Pengo


Kliniki, 30 Machi

Mdogo wangu,

Nimeandika kwa kompyuta ili usipate taabu na mwandiko.

Dawa haina ubaya. Mpaka sasa imetumika kwa wagonjwa kadhaa na hakuna aliyerudi analalamika. Ikitokea shida utaarifiwa. Nina shughuli nyingi kidogo.

Mvua zimeanza huku. Wote wazima.

Kaka yako


Maabara, 18 Aprili

Kaka,

Nimeitazama barua yako ya kompyuta mara nyingi kuliko inavyostahili. Haina hata jina lako la utani. Hata fomu ya hospitali ina maneno ya upole kuliko hayo.

Nimejiuliza nimekukosea nini, na nimepata jibu moja tu, ambalo nimelikwepa tangu zamani. Baba alipofariki ulikuwa umeshapata nafasi ya kwenda kusomea ubingwa. Ulirudi nyumbani. Ulifungua vile vyumba viwili, ukaziba meno ya mji mzima ili mimi nisome. Sikuwahi kukusikia ukilalamika, nikachukulia kwamba huna cha kulalamikia. Sasa mimi ninajiandaa kupanda jukwaani na wewe bado uko juu ya duka la cherehani, na nimekuletea sanduku kama mtu anayemletea mwenzake picha za sherehe ambayo hakualikwa.

Kama ni hilo, liseme kwa mdomo wako. Nitalipokea, ila huu ukimya wa kuchapa siuwezi. Na kama sanduku lile linakukera, nirudishie, nitalipeleka kwingine. Nilitaka mwezi wa tisa ukae mstari wa mbele. Nilishamwambia mkuu wangu utakuja. Sasa sijui nimwambie nini.

Usinijibu kama huna la kusema.

Mdogo wako


Kliniki, 6 Mei

Shangazi, shikamoo.

Ni mimi Chiriku. Baba hajui kama naandika, na akijua atanipokonya kiti cha zambarau. Lakini barua yako ya mwisho ameisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaiweka mfukoni, na tangu siku hiyo anaitoa na kuirudisha. Nimemuuliza kuna nini, akasema, "Shangazi yako ana kazi nyingi." Nikaiomba nisome. Akanipa. Nilivyoimaliza nikasema basi, mimi siwezi tena, kila mtu anamhurumia mwenzake mpaka wanaumizana.

Baba hakukuonea wivu hata siku moja. Wagonjwa wote wanakujua. Mtu akija kung'oa jino anaondoka na habari za maabara yako.

Ukweli ni vidole vyake. Vilianza kupasuka nchani, vidole vitatu vya mkono wa kulia na gumba la kushoto. Tukadhani ni sabuni. Vikawa vinachubuka, vinatoa maji, halafu vikaanza kufa ganzi. Alikwenda kwa daktari wa ngozi, akambandika mgongoni vipande vya dawa mbalimbali kama stempu za posta. Vyote vilitulia isipokuwa kimoja, hicho kikavimba kama kimeumwa na nyigu. Ni ile gundi, Shangazi. Ile ya majimaji mnayopaka kabla ya uji. Inapita kwenye glavu kama vile hakuna glavu, na baba ameishika tangu enzi ambazo watu hawakuvaa hata hizo. Daktari akamwambia asiguse tena gundi wala uji wa aina yoyote, wako au wa mtu mwingine.

Alirudi nyumbani anacheka. Akaniambia, "Nimepimwa, nimekutwa na aleji ya shangazi yako." Halafu akaingia chumbani, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Hiyo ilikuwa mwaka juzi. Ndiyo maana nilirudi kufanya kazi hapa, siyo kwa sababu nilikosa nafasi mjini kama tulivyokuambia.

Yeye sasa anang'oa, anapima, anawapoza wenye hofu. Kuziba naziba mimi. Kalamu anaishika kwa shida kukiwa na ubaridi, na tangu Mama atutoke vifungo vya shati namfunga mimi asubuhi, kila mmoja akitazama pembeni kama vile hatufanyi kitu.

Alinikataza kukwambia. Alisema, "Mtu ametumia maisha yake yote kupika kitu, usiende kumwambia kimemuunguza kaka yake siku ya kukipakua." Na kuhusu zile barua kavu, Shangazi, nilimwambia, Baba, si uniulize mimi unavutika vipi, umwandikie? Akasema yeye hajawahi kukuandikia jambo ambalo vidole vyake havijalijua, na hawezi kuanza uzeeni. Akaona afadhali aandike machache yaliyo kweli kuliko mengi ya kubuni.

Nimesema yote. Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Mwanao,
Chiriku


Maabara, 25 Mei

Kaka,

Usimgombeze mtoto. Amefanya lililotushinda sisi wakubwa wawili.

Nilivyoisoma barua yake niliirudia palepale nimesimama kwenye korido, watu wananipita. Halafu nikaingia kwenye chumba tunachohifadhi gundi. Iko kwenye chupa za kahawia, imepangwa vizuri, ina harufu tamu kidogo. Wewe ndiye uliyeniambia zamani inanukia kama rangi ya kucha. Nimefanya kazi na harufu hiyo zaidi ya nusu ya umri wangu. Nilijua kuna watu inawachubua. Kuna majarida yanaeleza, nimeyasoma, yanasema ni wachache katika mia. Nikawa nawaza wachache hao kama nukta kwenye mchoro. Sikuwahi kumpa hata mmoja wao uso.

Nimekwenda kwa mkuu wangu. Nikamwambia gundi ile haitoki hapa kama ilivyo. Akasema tutaandika onyo kwenye karatasi ya maelekezo. Nikamwambia karatasi ya maelekezo huwa inatumika kufutia meza. Akasema nimechoka, nipumzike. Nikamwambia basi ajitafutie mtu mwingine wa kusimama jukwaani mwezi wa tisa, mimi simo. Sijui kama bado nina kazi. Kwa kweli nimekuwa nikitamani kumwaga zile chupa zote kwenye beseni.

Kaka, nimeandika mambo ya kijinga kuhusu wivu. Wewe ulikuwa umekaa hapo na mkono unaouma unatafuta namna ya kutonidanganya. Nimekuwa nikikumbuka mikono yako ilivyokuwa. Ulikuwa unaweza kutoa mwiba wa mguuni mtu hajajua kama umeanza. Ulikuwa unanisuka nywele mama akiwa safarini, tena vizuri kuliko yeye, tukakubaliana tusimwambie.

Inauma sana? Niambie bila utani.

Pengo


Kliniki, 15 Juni

Mdogo wangu,

Mwandiko ni wa Chiriku, maneno ni yangu. (Shangazi, nimeapa kuandika kila kitu. Haya mabano ni yangu.)

Bila utani: inauma kukiwa na ubaridi. Siku nyingine haiumi kabisa, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu haihisi chochote. Nikishika kikombe cha chai lazima nikitazame nijue kama nimekishika. Ninachokikosa si kazi, kazi bado ninayo. Ninakosa ile dakika ambayo chombo kinagusa chini ya shimo na kidole kinakwambia hapa ni pagumu, hapa bado ni laini, kabla hata jicho halijafika. Nilikuwa naamini ule ujuzi ni wangu. Kumbe ulikuwa wa ngozi.

Sasa nisikilize, maana mimi bado ni mkubwa wako. Usimwage kitu. Uji umenichoma mimi, haujawachoma wenye meno. Hapa anakuja mama mjamzito, anakuja mtoto wa shule, ambao enzi zangu ningewachimba nusu ya jino au kuling'oa kabisa. Sasa wanatoka na jino lao. Nenda kaombe radhi kwa mkuu wako, lakini usirudi nyuma kwenye lile la gundi. Karatasi ya onyo haitoshi, umesema kweli. Itieni kwenye kifuko kilichozibwa, chenye brashi yake ndani, mtu akivunje, apake, akitupe, asiishike popote. Na muwaambie vijana ukweli wakiwa bado chuoni: glavu moja ya mpira ni sawa na kujifunika kwa mwavuli uliotoboka. Halafu, ukipata nafasi, itafute ile chembe ndogo inayopenya, uitoe. Najua itachukua miaka. Hata uji umechukua miaka.

Kuhusu ripoti yako. Nilikuwa nimeshupaa kijinga. Chiriku ameniambia kidole kimoja hakivunji chawa, na kwa mara ya kwanza ametumia methali mahali pake. Tumekaa wawili. Yeye anaweka, mimi nimesimama nyuma ya kiti nauliza, yeye anajibu. Haya ndiyo majibu.

Hauning'inii. (Hauning'inii kabisa, Shangazi, ni raha.) Chumba kikiwa na joto unashika chombo kidogo, mchana zaidi ya asubuhi. Ukiuacha dakika moja kwenye ubaridi unakaa sawa, lakini nani ana dakika wakati mate yanajaa? Upunguzie kidogo. Ukiubonyeza unakaa, haurudi, hapo umeshinda. Kwenye kona za chini hauingii vizuri mpaka usukumwe. (Mimi nausukuma, ila siku moja nikasahau, Baba akaniambia rudi, akiwa amesikia tu sauti ya chombo.) Rangi inapotea ndani ya jino mpaka inatia hofu. Siku moja tulitafuta tulipoishia tukashindwa.

Matusi yangekuwa kurasa nne, lakini mwandishi amechoka mkono. (Sijachoka. Anaona haya kukusifu.)

Kaka yako,
Daktari wa Sabuni


Maabara, 20 Agosti

Kaka, na Chiriku,

Nimefika salama kutoka kwenu, na sanduku langu la nguo limefika siku ya pili yake.

Nimemwomba radhi mkuu wangu, kama ulivyosema, naye akashangaa kiasi cha kunisikiliza. Vifuko vilivyozibwa vimekubaliwa. Kutoka kwa bidhaa kumesogezwa mbele, na kwa hilo kuna wanaonisalimia kwa pembe ya mdomo. Mwezi wa tisa nitasimama, lakini sehemu ya mwisho itakuwa juu ya mikono ya wanaotumia vitu vyetu. Kuhusu ile chembe nimepewa meza ndogo dirishani na kijana mmoja. Tumeanza. Tayari tumeshindwa mara kadhaa, kwa hiyo mambo yanaenda vizuri.

Lakini nimeandika kwa ajili ya ile Alhamisi hapo kliniki. Mlivyonikalisha pembeni kwenye kigoda sikuwaambia kitu, nilikuwa naona aibu. Katika miaka yangu yote nilikuwa sijauona uji kwenye kinywa cha mtu aliye hai. Nimeuona kwenye visahani, kwenye meno yaliyokwisha kung'olewa, kwenye picha. Yule mpiga tarumbeta alivyokaa na kushika mikono ya kiti, akasema akivuta pumzi kabla ya kupuliza jino linamchoma mpaka machoni, akasema hajapiga tangu Pasaka, nikataka kukimbia. Nikawaza, vipi kama nimekosea mahali.

Chiriku, wewe hukuwa na wasiwasi hata kidogo. Kaka, ulisimama nyuma mikono ukiwa umeifumbata mgongoni, macho umefunga. Nilidhani umechoka. Halafu ukasema, "Kona ya chini, upande wa ulimi," na Chiriku akarudi. Taa ya buluu ikawaka kwenye shavu la mpiga tarumbeta. Fundi chini akasimamisha cherehani kubadilisha uzi, pakawa kimya, na nikasikia taa inavyovuma.

Mgonjwa alivyofunga mdomo akauma, akauma tena, akazungusha ulimi kote. Akauliza, "Ni lipi?" Hamkucheka. Mimi nilitoka nje nikasema naenda kunywa maji.

Pengo


Kliniki, 14 Oktoba

Pengo,

Nakuandikia mwenyewe. Leo kuna jua, na hizi glavu za pamba ulizoniletea zinasaidia. Mistari inapanda mlima, vumilia.

Habari za mwezi wa tisa Chiriku amenionyesha kwenye simu yake. Umekonda. Umesema vizuri. Pale ulipowaambia wanyooshe mikono yao waitazame, nami nilinyoosha, nimekaa kwenye kiti cha zambarau kama askofu.

Mpiga tarumbeta amerudi kukaguliwa. Jino limetulia. Alikuja na tarumbeta lake, akatoa mdomo wa tarumbeta kwenye kikoti, akavuta pumzi ndefu kwa makusudi, nikamwona anasubiri maumivu. Hayakuja. Alipuliza sauti moja tu, hapo hapo katikati ya chumba, na cherehani zote za chini zikanyamaza. Bibi wa dirisha alikuwa foleni. Alipiga makofi.

Akauliza nani amemtengeneza. Nikamwambia dawa imetoka kwa mdogo wangu, mkono ni wa binti yangu.

"Na wewe, daktari?"

Nimekuwa nikilijibu swali hilo vibaya kwa miaka miwili, Pengo, tangu nilipokuwa najiuliza mwenyewe. Safari hii jibu lilitoka bila kulitafuta.

"Mimi," nikamwambia, "niliwalea."

Chiriku anasoma begani kwangu. Anasema nimejisifu, nifute. Nimemwambia siwezi, mkono umechoka.

Kaka yako